Johannes Kepler na Hesabu ya Kutafuta Mke

Vijana wa sharika zetu hapa Nangara, na katika mitaa yote ya Babati, huuliza swali moja mara kwa mara, nalo ni hili: mtu atajuaje kwamba mwenzi aliyempata ndiye hasa, wala hakuna mwingine aliye bora anayemngoja mbele? Wako wanaolijibu kwa maombi, wako wanaolijibu kwa kushauriana na wazee, na siku hizi wako pia wanaolijibu kwa hesabu. Hao wa mwisho si wa kuchekwa upesi. Mmoja wa watu wakubwa wa hesabu waliopata kuishi duniani, naye Mlutheri kama sisi, alijaribu jambo lilo hilo zaidi ya miaka 400 iliyopita. Jina lake ni Johannes Kepler. Wasomi humkumbuka kwa ajili ya nyota. Mimi nataka kuwasimulia na habari za ndoa zake, kwa kuwa mambo hayo mawili yalikaa katika kichwa kimoja.

Kepler alizaliwa tarehe 27 Desemba 1571 katika mji mdogo wa Weil der Stadt, kusini mwa Ujerumani. Nyumba yao haikuwa na amani. Baba yake, Heinrich, alikuwa askari wa kukodiwa, akienda kupigana katika vita vya watu wengine kwa ajili ya mshahara. Mwisho aliondoka asirudi tena, naye Johannes alikuwa kijana tu. Mama yake, Katharina, alikuwa binti wa mwenye nyumba ya wageni, mwanamke mwenye ulimi mkali, ajuaye dawa za majani. Mtoto alipatwa na ndui, nayo ikamwachia macho dhaifu maisha yake yote. Twaona ajabu hapa: yule aliyekuja kuwafundisha watu njia za nyota hakuweza kuziona nyota vema kwa macho yake. Walakini mama yake ndiye aliyempandisha kilimani mwaka 1577, alipokuwa hajatimiza miaka sita, amwonyeshe nyota kubwa yenye mkia.

Watawala wa Württemberg walikuwa na desturi njema ya kuwasomesha watoto maskini wenye akili, ili wawe wachungaji. Kwa msaada huo Kepler alipita shule za Adelberg na Maulbronn, na mwaka 1589 akaingia Chuo Kikuu cha Tübingen. Nia yake ilikuwa moja tu, kuhubiri Neno la Mungu. Lakini mwalimu wake wa hesabu, Michael Maestlin, alimfundisha mawazo ya Copernicus, kwamba jua halitembei, bali dunia ndiyo inayolizunguka. Kisha mwaka 1594, kabla hajamaliza masomo ya teolojia, barua ilitoka mji wa Graz, katika nchi ya Austria: mwalimu wa hesabu wa shule ya Kiprotestanti amekufa, tupeni mwingine. Wakubwa wakamtuma yeye. Alikwenda kwa huzuni, kama mtu aliyenyang'anywa kanzu kabla hajaivaa. Baadaye alikiri kwamba Mungu aweza kutukuzwa kwa elimu ya nyota pia.

Huko Graz alioa mara ya kwanza. Desturi ya watu wale yafanana na yetu katika jambo moja: kijana hakwenda mwenyewe, alituma washenga. Katika jambo jingine ni kinyume kabisa: mali ilitoka upande wa mwanamke kwenda kwa mume. Basi mtu aliyetafuta mke alitazamwa kama atafutaye faida, na marafiki walihesabu shamba na nyumba za binti kabla ya kuuliza tabia yake. Kepler alionyeshwa Barbara Müller, binti wa mwenye kinu cha kusaga, mwenye umri wa miaka 23 tu, naye amekwisha kufiwa na waume wawili, ana mtoto mmoja wa kike. Mambo yalianza mwishoni mwa mwaka 1595. Kisha Kepler akasafiri kwenda kwao, akakaa huko miezi mingi kwa ajili ya kuchapisha kitabu chake cha kwanza, na nyuma yake baba mkwe akageuka, akaona mwalimu wa shule ni maskini mno. Ilikuwa lazima wakubwa wa kanisa na wa shule waliingilie jambo. Harusi ikawa tarehe 27 Aprili 1597. Kepler mwenyewe alitazama nyota za siku ile, kama ilivyokuwa kawaida ya zamani zile, akaandika kwamba zilikuwa mbaya. Akaoa vivyo hivyo.

Ndoa hiyo ilikuwa na machozi mengi. Watoto wawili wa kwanza walikufa wangali wachanga. Mke alikuwa na huzuni nyingi na ugonjwa, tena hakuweza kuelewa kwa nini mumewe ashinde na kukesha juu ya tarakimu ilhali mshahara hauji. Naye mume, kwa maneno yake mwenyewe, alikuwa mwepesi wa kukasirika alipokatizwa kazini.

Mwaka 1600 mtawala Mkatoliki wa nchi ile aliwaamuru Waprotestanti wa Graz wabadili dini au waondoke. Kepler hakubadili. Akafunga mizigo, akaenda Prague kwa Tycho Brahe, Mdenmark tajiri aliyekuwa amezipima nyota kwa vyombo vikubwa kwa muda wa miaka mingi kuliko mtu yeyote kabla yake. Tycho akafa Oktoba 1601, na Kepler akawekwa mahali pake kuwa mtu wa hesabu wa Kaisari Rudolf II.

Yafaa kueleza kidogo kazi yake ya Prague, maana bila kuijua hatutaelewa habari ya mke. Alipewa nyota moja, Mirihi, atafute njia yake. Alijisifu kwamba ataimaliza kwa siku nane. Ilimchukua miaka kadhaa. Alikisia njia fulani, akaihesabu yote kwa mkono, akailinganisha na vipimo vya Tycho, akaiona haifai, akaitupa, akaanza tena. Hesabu moja aliirudia mara 70. Wakati mmoja alipata njia iliyokaribia kabisa, ikikosea kwa dakika nane tu za pembe, yaani kiasi cha robo ya upana wa mwezi mpevu. Mtu mwingine angesema yatosha. Yeye alijua Tycho hakosei kiasi hicho, akaibomoa kazi yake yote. Kwa dakika nane zile alivumbua kwamba sayari haziendi kwa duara kamili, bali kwa duara iliyorefushwa, iitwayo duaradufu. Kitabu hicho, Astronomia Nova, kilitoka mwaka 1609. Basi kichwani mwake ikakaa desturi hii: kukisia, kupima, kutupa, na kujaribu tena hata kusibaki kosa.

Kisha ukaja mwaka 1611. Ndui iliingia nyumbani, ikamchukua Friedrich, mtoto wa miaka sita aliyependwa kuliko wote. Askari wakaingia Prague, na pamoja nao magonjwa. Mwezi wa Julai Barbara naye akafa kwa homa. Kaisari Rudolf alipoteza enzi yake ya Bohemia mwaka ule ule, na Januari 1612 akafariki. Kwa muda wa miezi michache Kepler akawa hana mtoto wake mpendwa, hana mke, hana bwana wa kumlinda. Walibaki Susanna, binti wa miaka tisa, na Ludwig wa miaka minne. Akawaacha kwa muda kwa watu huko Moravia, akaenda peke yake mji wa Linz kuwa mwalimu wa hesabu.

Huko Linz alipata pigo jingine, nalo latuhusu sisi wachungaji hasa. Kabla ya kushiriki Meza ya Bwana alimwendea mchungaji wa mji, Daniel Hitzler, akamweleza kwa uwazi kwamba hawezi kutia sahihi bila shaka yoyote maandiko ya imani ya mwaka 1577 yaitwayo Formula Concordiae. Jambo moja tu lilimzuia: mafundisho kwamba mwili wa Kristo uko kila mahali. Wala hakutaka kuwalaani wafuasi wa Calvin kwa ajili ya neno hilo. Hitzler akamnyima Chakula cha Bwana. Kepler akaandika kwa wakubwa wa kanisa la kwao. Wakajibu mwaka 1612 kwamba mchungaji amefanya sawa. Mimi sitaki kumhukumu Hitzler kana kwamba alikuwa mtu mwovu. Alishika amri aliyopewa, na kondoo aliyesema shaka yake waziwazi ni mgumu kuchunga kuliko anayenyamaza. Lakini tufikiri hali ya mgeni yule. Mjane, watoto wake wako mbali, amefungiwa mlango wa madhabahu, na mji mzima wajua. Mtu kama huyo ndiye aliyeanza kutafuta mke.

Habari za kutafuta kwake twazipata katika barua ndefu aliyomwandikia bwana mmoja mkubwa mwezi wa Oktoba 1613, siku chache kabla ya harusi. Humo aliwaeleza wanawake kumi na mmoja mmoja mmoja, na sababu za kuwafikiri na za kuwaacha. Nakiri kwamba mahali pengine barua hiyo hainipendezi, kwa jinsi alivyoandika kasoro za miili ya watu, nami sitazirudia zote.

Wa kwanza alikuwa mjane aliyefahamiana na marehemu mkewe. Ilionekana yafaa, kwa kuwa amekwisha kulea. Lakini alikuwa na mabinti wa kuozwa, mali yake ilikuwa mikononi mwa wadhamini, na Kepler aliogopa afya yake. Ndipo akatolewa wa pili, naye ni binti wa mjane huyo huyo. Kepler aliona si adabu kumtoka mama na kumgeukia binti, nami nadhani wasomaji wote watakubaliana naye. Wa tatu alikuwa msichana wa Bohemia, aliyewapenda wale watoto wawili, nao wakampenda. Lakini alikuwa ameahidiana na mwingine. Wa nne alikuwa wa Linz, mrefu, mwenye mwili wa nguvu, na jambo lake lingalimalizika kama wa tano asingalitokea.

Wa tano ni Susanna Reuttinger wa mji wa Eferding, mwenye miaka 24. Baba yake alikuwa seremala. Wazazi wote wawili wamekufa, naye alilelewa katika nyumba ya Bibi Elisabeth von Starhemberg. Mali hakuwa nayo. Kepler alimwona mnyenyekevu, mwenye bidii, mwangalifu wa matumizi, na mwenye moyo wa kuwapenda watoto wasio wake. Moyo wake ulimwelekea mara moja. Lakini marafiki wakasema: Mtu wa hesabu wa Kaisari amwoe yatima wa seremala? Hana mali, hana cheo, hana wazazi. Kepler akasitasita.

Basi wakaletwa wengine. Wa sita alikuwa na cheo, lakini Kepler aliogopa kiburi na gharama ya harusi. Wa saba naye alikuwa wa ukoo mkubwa. Kepler akavutwavutwa huku na huku, mwisho binti akakataa. Wa nane alikuwa wa watu wa kawaida, mwema; naye leo alikubali, kesho akakataa, kesho kutwa akakubali tena. Wa tisa alikuwa na ugonjwa wa mapafu, tena Kepler alimjaribu kwa kumwambia kwamba moyo wake uko kwa mwingine, jaribio ambalo kila mshenga wa Babati angalimkataza. Wa kumi hakumpendeza kwa sura. Wa kumi na mmoja alikuwa na cheo na mali, na baada ya kungoja miezi minne aliambiwa kwamba binti bado ni mdogo.

Kufika hapo karibu miaka miwili ilikuwa imepita. Kepler alijiuliza kama ni Mungu aliyemzungusha hivyo, au ni hatia yake mwenyewe. Akarudi kwa wa tano. Naye akamkubali.

Hapa nageuka kidogo kwenye hesabu yenyewe, kwa ajili ya vijana wapendao mambo hayo. Katika siku za Kepler hesabu ya uwezekano, yaani kupima jambo lisilo hakika, ilikuwa haijakuwa elimu kamili. Wafaransa Pascal na Fermat walianza kuandikiana juu yake mwaka 1654, naye Kepler amekwisha kufa. Mwaka 1960 Martin Gardner wa Marekani alichapisha fumbo katika gazeti la Scientific American, na mwaka 1961 Dennis Lindley wa Uingereza akalichapishia jibu. Mwaka 1989 mtaalamu mwingine, Thomas Ferguson, aliwakumbusha wenzake kwamba Kepler alikutana na fumbo hilo katika maisha yake miaka mingi kabla yao.

Fumbo ni kama hili. Mtoto amefungiwa mahindi kumi na moja ndani ya gunia, nawe wataka lililo kubwa kuliko yote. Ayatoa moja moja, bila kuchagua. Kila moja walitazama, nawe huna budi kusema papo hapo: Nalitwaa, au, Litupwe kwa mbuzi. Likisha kutupwa halirudi. Ukitwaa lolote kwa kubahatisha, uwezekano wa kulipata kubwa ni 1 katika 11, yaani kama 9 katika 100. Wenye hesabu wametafuta njia bora, nayo ni hii: yaache manne ya kwanza yapite, hata yakiwa mazuri, ila kumbuka lililo kubwa miongoni mwake, kisha, kuanzia la tano, twaa la kwanza litakaloyapita yale manne. Kwa njia hii uwezekano wapanda mpaka karibu 40 katika 100. Kama mahindi ni mengi sana, waache 37 katika kila 100 yapite, na uwezekano wako ni 37 katika 100 vilevile.

Msomaji ameona jambo la ajabu. Kati ya watu kumi na mmoja kanuni yasema waache wanne, uanze kuchagua kwa wa tano. Na wa tano ni Susanna Reuttinger. Ikiwa kweli aliwapita wale wanne, na moyo wa Kepler ulisema hivyo, basi hesabu ya karne ya 20 ingalimwambia amwoe pale pale, asiwasumbue wengine sita.

Lakini nisikilizeni pia juu ya upungufu wa kanuni hiyo. Hata ikifuatwa vema, katika majaribio 100 hushindwa kama mara 60. Likiwa hindi kubwa limo katika yale manne ya kwanza, jambo litokealo mara 36 katika 100, umekwisha kulitupa, na utafika mwisho wa gunia mikono mitupu. Tena yataka ujue mapema hesabu ya mahindi yaliyomo, na nani ajuaye hivyo katika habari ya wachumba? Na zaidi ya yote, hindi halisemi. Mirihi haikumkataa Kepler. Ilikwenda njia yake ile ile, aitazame asiitazame, ndiyo sababu kukisia na kupima na kutupa kulimfaa. Wa saba alisema hapana. Wa nane alikuwa akimpima yeye, kama yeye alivyompima. Katika ile kanuni aliyepita harudi kabisa, lakini Susanna alipoendewa mara ya pili hakusema kwamba ameachwa kwa ajili ya mabibi sita wenye cheo, ijapokuwa angaliweza kusema. Mlango ambao hesabu huuhesabu umefungwa, yeye aliufungua. Kepler alioa kwa rehema ya mwanamke kuliko kwa akili yake.

Iko na hesabu ya namna ya pili, nayo hupendwa zaidi na vijana. Ni kuweka masharti na kuchuja. Mwaka 2010 mtu mmoja wa elimu ya uchumi katika Chuo Kikuu cha Warwick, Uingereza, alichukua hesabu ya wanawake wote wa nchi, akaitoa kwa umri, mahali, elimu, uzuri, na mengineyo, akabakiwa na 26 tu katika London yote. Alifanya nusu kwa mzaha. Lakini kijana wa Nangara aweza kufanya vivyo hivyo kwa dhati bila kujua: akiweka masharti kumi, na kila sharti likatimizwa na nusu ya watu, na masharti hayafungamani, atabakiwa na mtu mmoja katika 1,024. Ndipo husema hakuna wachumba. Na tazameni masharti ya marafiki wa Kepler: mali, cheo, wazazi. Yalikuwa matatu tu, nayo yakamchuja Susanna mara tatu, kwa kuwa hakuwa na hata moja. Yale yaliyokuja kuijenga nyumba ile, bidii yake na upole wake kwa watoto wa kambo, hayakuwamo katika chujio la mtu yeyote.

Walioana huko Eferding tarehe 30 Oktoba 1613. Kepler hakuacha kuhesabu hata hapo. Alikuwa amenunua mapipa ya mvinyo kwa ajili ya nyumba yake mpya, akamwona mwuzaji akitia kijiti katika tundu la pipa, kwa upande, akasoma urefu wake na kutaja bei. Akashangaa: kijiti kimoja chajuaje ujazo wa pipa fupi nene na wa pipa refu jembamba? Akaketi kulichunguza, na mwaka 1615 akachapisha kitabu kizima juu ya vipimo vya mapipa, nacho huhesabiwa miongoni mwa vitabu vilivyotayarisha njia kwa hesabu za juu za baadaye. Bibi arusi hatujui alisema nini.

Watoto wa kwanza watatu wa ndoa hiyo walikufa wangali wadogo, wengine wakaishi. Ndoa ya pili ilikuwa na utulivu kuliko ya kwanza, nao utulivu huo ulihitajika. Mwaka 1615 mama yake Kepler alishtakiwa na majirani kuwa mchawi. Mwaka 1620 akakamatwa, mwanamke mwenye zaidi ya miaka 70, akatiwa katika minyororo, akaonyeshwa vyombo vya mateso. Kepler aliondoka Linz akaenda kumtetea mwenyewe, akayajibu mashtaka moja moja kwa maandishi, akitenganisha lililoonwa na lililovumishwa, kama alivyofanya kwa Mirihi. Oktoba 1621 mama akafunguliwa, baada ya miezi 14 kifungoni. Aprili iliyofuata akafa. Sisi tunaoishi katika nchi ambamo vikongwe wamepata kuuawa kwa neno lilo hilo twaweza kuisoma habari hiyo bila kuhitaji maelezo.

Katikati ya hayo, mwaka 1619, alitoa kitabu cha Harmonices Mundi, chenye kanuni ya tatu ya sayari, ile iunganishayo urefu wa mwaka wa kila sayari na umbali wake kutoka jua. Mwaka ule ule walimu wa Tübingen, chuo kilichomlea, walithibitisha kwamba hatapokelewa Mezani. Wakatoliki walimwita mara kwa mara, na kwao angalipata heshima na mshahara. Hakwenda. Alibaki Mlutheri nje ya mlango wa Walutheri, akiwafundisha watoto wake nyumbani habari za Sakramenti kwa kijitabu alichokiandika mwenyewe.

Mwaka 1626 vita na mateso ya dini vilimwondoa Linz; mwaka 1627 akachapisha huko Ulm majedwali ya nyota ya Rudolf, aliyoyafanyia kazi zaidi ya miaka 20; kisha akahamia Sagan. Mwezi wa Machi 1630 binti yake Susanna aliolewa huko Strasbourg na Jakob Bartsch, kijana mwenye elimu ya nyota. Baba hakuweza kusafiri, wala mama wa kambo, kwa kuwa alikaribia kujifungua. Rafiki wa Kepler akasimama mahali pao. Kwa ajili ya binti huyo hakuhesabu watu kumi na mmoja. Aliposi mmoja, barua chache zikaandikwa, wakaafikiana.

Mwezi wa Oktoba mwaka ule alipanda farasi kwenda Regensburg, akitaka kuyadai yaliyokuwa yake, maana Kaisari alikuwa na deni lake la mshahara la zaidi ya gulden 10,000. Akashikwa na homa, akafa tarehe 15 Novemba 1630, mbali na nyumba yake. Alizikwa katika makaburi ya Waprotestanti nje ya ukuta wa mji, na vita vikalifuta kaburi lake lisijulikane tena. Susanna aliachwa na watoto wadogo, mmoja wao mchanga wa miezi michache, na hati ya deni lisilolipwa. Kilikuwapo na kitabu kimoja kilichobaki bila kuchapishwa, cha ndoto ya safari ya mwezini. Bartsch alianza kukishughulikia ili jamaa wapate riziki kidogo. Akafa naye mwaka 1633. Ndipo Ludwig, yule mtoto aliyekuwa na miaka mitatu mama yake alipokufa Prague, akamaliza kazi hiyo kwa ajili ya mjane wa baba yake na wadogo zake, na kitabu kikatoka mwaka 1634.